Somo la Fiqhi: Dawa za Kupunguza Mwili Zinunuliwazo kwa Simu



Ndugu zetu wa Mombasa, Lamu, Malindi na pwani yote, wengi wenu mwaijua Kisumu kwa jina na kwa samaki wake, lakini Manyatta haijui ila mwenye jamaa huku. Ni mtaa mkubwa upande wa mashariki wa mji, umepakana na Kondele. Waislamu ndani yake si wengi, na darsa yetu hukutana baada ya Magharibi katika chumba kilicho nyuma ya msikiti. Nayataja haya mwanzo ili mjue kuwa jambo nitakalolieleza halikutokea mbali na darsa. Lilitokea ndani yake, na mimi mwenyewe nina sehemu katika kosa lake.

Katika darsa ya wanawake ni desturi yetu maswali kuletwa yameandikwa katika vipande vya karatasi, bila ya jina, ili mwenye haya asizuiwe na haya yake. Siku moja katika mwezi wa Shaabani niliona pamoja na karatasi kimeletwa kichupa cha kapsuli. Swali lilikuwa fupi: Je, sheikh, kapsuli hizi ni halali? Nikakitazama kile kichupa. Karatasi yake ilikuwa ya kijani, ina picha ya habasoda na asali, na maneno ya Kiarabu yenye maana kwamba ni tiba ya Mtume, na chini yake kwa Kiingereza maneno ya kupunguza unene kwa siku thelathini. Nikadhani muulizaji ataka kujua habari ya jelatini, yaani ile ngozi laini ifanyiwayo kapsuli. Nikaeleza, na kueleza kwangu kulikuwa kwa urefu: jelatini ikiwa imetoka kwa nguruwe ni najisi; ikiwa imetoka kwa ng'ombe aliyechinjwa kwa sheria, au kwa samaki, au kwa mimea, haina neno. Nikasoma kandoni mwa kichupa kuwa kapsuli ni ya mimea. Nikasema: Basi ni halali. Wanawake wakashukuru, tukaendelea na mlango wa saumu.

Haikupita muda, katika Ramadhani, usiku wa tarawehe, mama mmoja akaanguka katika safu. Walio karibu naye walisema mkono wake ulikuwa wa baridi na moyo wake ukipiga kana kwamba amekimbizwa. Alipelekwa hospitali. Daktari akamuuliza: Umetumia dawa gani? Akasema hakutumia. Akamuuliza mara ya pili na ya tatu, akakataa, kwa kuwa mumewe alikuwa amesimama pale naye hakuwa na habari. Aliyeiokoa hali ile ni binti yake wa miaka kumi na minne, aliyerudi nyumbani usiku ule akakitoa kichupa chini ya godoro. Kilikuwa ni kile kile nilichokishika mimi. Daktari akakigeuza na kukigeuza, asione jina la kiwanda, wala mahali, wala namba yoyote ya kusajiliwa. Akasema: Siwezi kujua huyu amekula nini, nitaitibu dalili tu. Alikaa hospitali siku nne, na kwa rehema za Mwenyezi Mungu akatoka mzima, ila mpaka leo hupimwa damu yake kila mwezi kwa kuwa shinikizo lake lilikuwa limepanda mno.

Kilichokuwamo ndani ya kapsuli zile hakikupimwa, kwa hivyo sitasema ni kitu fulani. Lakini mama yule aliniletea salamu kwa mkewangu, na salamu zake ndizo zilizonikalisha kuandika somo hili. Alisema: Mwambie sheikh kwamba mimi nilikuwa nimeshaanza kuogopa kwa kuwa silali usiku na kinywa chanikauka, na swali langu lilikuwa ni hilo. Aliposema ni halali nikapata moyo wa kuendelea.

Jawabu langu lilikuwa sahihi kwa habari ya jelatini, na lilikuwa kosa kwa habari ya mtu. Karatasi ya swali lake ningali nayo ndani ya kitabu changu.

Sasa tuyarejee tuliyosomeshwa. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Imamu Shafi, na miongoni mwao Imamu Nawawi, wameweka masharti matano ya kitu kinachouzwa: kiwe tohara, kiwe na manufaa, kiweze kukabidhiwa, muuzaji awe na mamlaka nacho, na kiwe kinajulikana kwa wauzianao. Kila mwanafunzi wa mwaka wa pili ayahifadhi haya. Mimi siku ile nilisimama katika sharti la kwanza, nikayaacha manne, na nadhani wengi wetu tulioulizwa maswali kama haya tumefanya vivyo hivyo. Watu wetu wamezoea kuuliza: Mna nguruwe? Mna ulevi? Wakiambiwa hamna, basi huona mlango umefunguka wote. Hawaulizi: Mna nini?

Sharti la pili ni manufaa. Hapa wanazuoni wametupa kipimo kizuri ambacho ningependa wasomaji wakishike. Walipozungumza juu ya sumu walisema kwamba ile ambayo kingi chake huua na kichache chake hufaa, kama afyuni na mfano wake, yajuzu kuiuza. Ama ile isiyokuwa na faida kwa kichache wala kwa kingi, haijuzu. Tazama basi jinsi walivyolipima jambo kwa kiasi. Hawakusema dawa ni dawa na sumu ni sumu. Walijua kwamba kitu kimoja huwa hiki na kile, na kinachotenganisha ni kipimo na ujuzi wa anayepima. Sasa mtu anunuapo kapsuli isiyoandikwa kiasi cha kilichomo, au iliyoandikwa uwongo, kipimo kimeondoka. Kilichobaki ni bahati nasibu, na mwili wake ndio fedha anayoiwekea.

Na msidhani haya ni maneno ya kutisha tu. Ipo dawa iitwayo sibutramini, ambayo zamani madaktari waliiandikia watu wanene ili kuwapunguzia hamu ya kula. Ikafanyiwa uchunguzi mkubwa kwa watu wapatao 10,000 wenye maradhi ya moyo au kisukari, ikaonekana kwamba waliopata mshtuko wa moyo, kiharusi na mfano wa hayo walizidi kwa asilimia 16 kuliko wale wasiopewa. Mwezi wa Januari 2010 ikasimamishwa Ulaya, na Oktoba mwaka ule ule ikaondolewa sokoni Marekani. Lakini dawa iliyofukuzwa mlango wa mbele iliingia kwa dirisha. Tangu hapo wachunguzi wa serikali katika nchi nyingi wameikuta mara nyingi ndani ya vidonge, kahawa na majani ya chai ya kupunguza mwili, ambavyo juu yake vimeandikwa kuwa ni mimea mitupu. Anayekunywa huona kweli hamu ya kula imepungua, akasifu mimea ile kwa jirani zake. Na dalili zake ni hizi: moyo kwenda mbio, damu kupanda, kinywa kukauka, na usingizi kuruka. Mimi si tabibu, wala sisemi kwamba mama yetu alikula hiyo. Nimezitaja ili aliye nazo leo azitambue.

Iliyo mbaya kuliko hiyo ni ile iitwayo DNP, dainitrofenoli. Asili yake si dawa hata kidogo. Ni kitu cha viwandani, cha kutengenezea baruti na rangi. Katika vita vikuu vya kwanza wafanyakazi wa viwanda vya silaha Ufaransa waliishika, wakawa wakikonda, wakitoka jasho na kupata homa kali, na wengine wakafa. Mwaka 1933 madaktari wa Marekani wakaanza kuwapa watu wanene, mpaka ilipoonekana inaua na kupofusha macho; mwaka 1938 sheria ikaizima. Kazi yake ni kuufanya mwili uchome chakula chake kuwa joto tupu, na ikizidi joto hupanda mpaka kiungo baada ya kiungo huharibika, wala hakuna dawa ya kuizimua. Hata hivyo katika mwaka 2015 huko Uingereza binti mwanafunzi wa miaka 21 aliinunua kwa mtandao akameza vidonge vinane, akafa. Muuzaji wake alikuwa akiiagiza kutoka nje kama bidhaa ya kiwandani na kuijaza katika kapsuli nyumbani. Akashitakiwa kwa kuua, akahukumiwa kifungo cha miaka saba.

Nimekileta kisa hiki makusudi, kwa sababu hukumu ile haiko mbali na tuliyofundishwa sisi. Imepokewa na Abu Daud na wengineo kwamba Mtume wetu (s.a.w.) alibainisha kuwa mtu ajitiaye katika utabibu hali hajulikani kwa utabibu, basi yeye ni mdhamini wa madhara yatakayotokea. Wanazuoni wakajengea juu yake mlango mzima wa dhamana: jahili akitibu na kuharibu, analipa, hata kama nia yake ilikuwa njema. Basi wewe dada yetu unayepokea mzigo wa vidonge kutoka usikokujua na kuwauzia wenzako wa chama cha wanawake, ukachukua faida ya shilingi mia mbili kwa kila kichupa, jua kwamba umeingia katika mlango huo. Usiseme: Mimi ni wakala tu. Wala mimi sisemi kwamba nimesalimika, kwani mwenye kutoa fatwa bila ya kuuliza naye amejitia katika jambo asilolijua.

Sharti la tatu na la nne tupite haraka. Kukabidhiwa: wako waliotuma fedha kwa simu wasione kitu, na namba ya muuzaji ikawa haipatikani tena. Mamlaka: mwenye mali ni nani, na ameipata wapi, hakuna ajuaye.

Sharti la tano ndilo lililobeba mas-ala yote, nalo ni kujua. Kujua kitu chenyewe, kiasi chake na sifa zake. Kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu, kitu kisichoonwa na wauzianao hakisihi kuuzwa. Kijana mmoja wa darsa, naye ni mwepesi wa hoja na nampenda kwa hilo, aliniambia: Lakini sheikh, huku si kuuza kitu kisichoonekana, huku ni salamu. Fedha imetangulizwa na bidhaa imesifiwa, na salamu inajuzu kwa ijmai.

Nikamwambia: Umesema kweli kwamba salamu inajuzu, na kwa hivyo ukiagiza kwa simu kanzu, au mchele wa aina na uzani unaojulikana, ukatanguliza fedha, hatuna neno nawe. Lakini fungua kitabu chako uone ni vitu gani wanazuoni wamevitoa katika salamu. Wamesema haisihi katika kitu kilichochanganywa ambacho sehemu zake hazidhibitiki, na katika mifano yao wametaja maajuni, na wametaja tiryaki iliyochanganywa, nayo ni dawa. Miaka zaidi ya mia saba iliyopita watu wale walikwisha kuona kwamba dawa ya mchanganyiko haiwezi kuuzwa kwa sifa za mdomo, kwa kuwa kilichomo hakijulikani kwa kukitazama. Kijana akacheka, akasema hakuitarajia tiryaki kufika Manyatta.

Hapa pana haja ya kutofautisha, tusije tukawafunga watu minyororo isiyokuwapo. Dawa iliyotengenezwa na kiwanda kinachojulikana, ikapimwa, ikasajiliwa, ikaandikwa kila kilichomo kwa miligramu zake, na ikauzwa na mwenye leseni, hiyo sehemu zake zimedhibitika, na hata duka lenye leseni likipeleka dawa nyumbani kwa mgonjwa kwa cheti cha daktari, hatusemi lolote. Maneno yetu ni juu ya duka lisilo na mlango. Mtu huona picha katika simu: mwanamke mmoja mara mbili, kushoto mnene na kulia mwembamba, na pengine si mmoja bali ni wawili. Chini yake namba ya simu. Anatuma fedha kwa M-Pesa, na kesho kijana wa bodaboda anampigia kwamba yuko Kondele na mzigo. Kijana hajui alichobeba. Muuzaji hajui kilichotiwa. Mnunuzi hajui lolote ila picha. Watu watatu, na hakuna hata mmoja mwenye kujua. Wapi basi sharti la tano?

Na katika miaka hii limezuka jambo jipya, la sindano. Iko dawa ya kisukari iitwayo Ozempic, ya kampuni ya Novo Nordisk ya Denmark. Kilichomo ni semaglutaidi, hudungwa mara moja kwa juma kwa kitu kilicho mfano wa kalamu, na iliruhusiwa Marekani mwaka 2017 kwa wenye kisukari. Ikaonekana kuwa inapunguza mwili, na mwaka 2021 dawa hiyo hiyo kwa jina la Wegovy ikaruhusiwa kwa unene. Ni dawa ya kweli na wengi imewafaa, lakini ni ya cheti cha daktari, huanzwa kwa kiasi kidogo na kupandishwa pole pole, na haifai kwa mwenye mimba. Watu wakaikimbilia, ikawa haba ulimwenguni hata baadhi ya wagonjwa wa kisukari wakaikosa. Na palipo na uhaba, mghushi yuko mlangoni.

Mwezi wa Oktoba 2023 ilionekana ya bandia Brazil na Uingereza, na Desemba ikaonekana Marekani. Tarehe 20 Juni 2024 Shirika la Afya Duniani likatoa onyo kwa nchi zote. Nchini Austria, katika Oktoba ile ile ya 2023, watu walilazwa hospitali baada ya kujidunga kilichodhaniwa kuwa ni Ozempic. Sukari yao ikashuka ghafula na wakashikwa na mtukutiko, na wakuu wa dawa wakasema yaelekea ndani mlikuwa na insulini. Fikirini ndugu zangu: insulini kwa asiye na kisukari, tena aliye na njaa. Na mwanamke wetu hujidunga lini? Wengine wameniambia wazi kwamba wameipanga Ramadhani, kwa kuwa ndio mwezi wa kukonda. Mtu yuko katika saumu, hajala tangu alfajiri, akijidunga kitu cha kushusha sukari bila kujua.

Hata ikiwa kalamu ile ni ya asili, kuna jambo la baridi. Kabla haijaanza kutumiwa hutakiwa kuwekwa katika jokofu, kati ya nyuzi 2 na 8. Sasa itolewe Nairobi au Mombasa katika buti la basi la usiku, ifike Kisumu asubuhi, ikae stendi mpaka adhuhuri katika joto letu la ziwani, kisha ipakiwe bodaboda. Sijui mwenye akili ambaye angenunua maziwa yaliyosafiri hivyo.

Watasema baadhi ya watu: Haya mambo ya leseni na usajili ni ya serikali, yana nini na dini? Nawajibu kwamba jambo hili lilikuwa la dini kabla halijakuwa la serikali ya Kenya. Mtume (s.a.w.) alipita sokoni penye chungu ya nafaka, akatia mkono wake ndani, vidole vikarowa. Alipomuuliza mwenyewe, akasema imenyeshewa. Akamlaumu kwa nini hakuuweka ule uliorowa juu watu wauone, na akabainisha kuwa mwenye kughushi hayuko pamoja naye. Twazieni ule mkono uliotiwa ndani. Hakutosheka na uso wa bidhaa. Kutokana na mfano ule ikatoka kazi ya muhtasibu, msimamizi wa masoko, na Sheikh Shayzari wa Sham, katika karne ya sita ya Hijra, aliandika kitabu cha kumwongoza muhtasibu kazi yake, na ndani yake mna mlango wa wauza dawa. Ameeleza humo hila zao moja moja, jinsi afyuni inavyochanganywa na maji ya majani mengine ili izidi uzito, na jinsi ya kuitambua iliyoghushiwa. Amesema wazi kwamba hao wanahitaji kuangaliwa zaidi kuliko wengine, kwa kuwa hila katika dawa ni nyingi na hazionekani.

Muhtasibu wetu wa leo katika nchi hii ni Bodi ya Dawa na Sumu, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1957. Kazi yake ni kupima na kusajili dawa, kuwapa leseni ya kila mwaka wafamasia na maduka yao, na kupokea habari za dawa mbaya kutoka kwa mtu yeyote. Ina mapungufu? Bila shaka, na iko mitaani kwetu kemisti isiyostahiki jina hilo, kijana aliyekaa nyuma ya kioo hana cheti. Lakini mapungufu ya muhtasibu hayamfanyi mghushi kuwa mwaminifu. Shirika la Afya Duniani mwaka 2017 lilikisia kwamba katika nchi za kipato kidogo na cha kati, dawa moja katika kila kumi ni mbovu au ya bandia. Hiyo ni katika dawa zote. Je, zile zinazojificha?

Yatubakia kusema kwa nini wanawake wetu, na hata wanaume wasiosema, wanaingia humu. Bibi zetu walipokuwa wakiolewa walitiwa ndani, wakapakwa liwa na kulishwa mpaka wanawiri, na mwanamke mwembamba aliulizwa kama ana maradhi. Leo bwana harusi ameona picha za simu, na mjukuu wa bibi yule yule anajinyima chakula. Uchunguzi wa afya wa nchi wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 45 ya wanawake wa miaka 20 hadi 49 wamezidi uzito. Basi haja ipo, si upuuzi. Unene uliozidi ni ugonjwa na unaleta ugonjwa, na mwenye kutaka kujitibu anastahiki kusaidiwa, wala si kuchekwa. Mama yetu yule aliniambia, kwa ulimi wa mkewangu tena, kwamba alikwenda kwanza zahanati moja, na mtu wa pale akamtazama juu hadi chini akamwambia apunguze chapati. Akaona haya, akarudi nyumbani akafungua simu. Simu haikumcheka.

Na mume naye? Nimemwuliza mume huyo, akakiri kwamba alikuwa akimtania mbele ya watoto. Nafikiri hapa ndipo kapsuli ile ilipoanzia, kabla hata haijatengenezwa.

Ama wale waandikao jina la Mtume juu ya vichupa vyao, maneno yangu kwao ni makali zaidi. Habasoda na asali ni katika vitu alivyovisifu, na vinauzwa kila soko, hata Kibuye. Lakini kusema kitu ni tiba ya Mtume, kisha ndani ukatia usichokijua, ni kumzulia yeye na kuwala watu pamoja. Muislamu akiona herufi za Kiarabu hulegea. Wanajua hivyo, na ndiyo maana wameziandika. Mimi niliyezisoma kwa miaka zaidi ya ishirini zilinilegeza.

Maswali yaliyokuja baada ya kulisoma somo hili darsani yalikuwa mengi, nitayajibu mawili.

Mmoja aliuliza: Nitajuaje dawa imesajiliwa? Jawabu: Usinunue ila katika duka lenye leseni ya mwaka huu iliyotundikwa ukutani, na usione haya kuisoma. Dawa ya cheti usiuziwe bila ya cheti, na anayekuuzia bila ya cheti amekwisha kukuonyesha uaminifu wake. Tazama jina la kiwanda, tarehe ya kwisha, na namba ya fungu, ambayo wafamasia huiita bechi. Ukiwa na shaka uliza Bodi, nayo ina daftari la dawa na maduka kwenye mtandao. Na ikiwa umekwisha kuitumia na mwili umekataa, acha, nenda hospitali na kichupa mkononi, na mwambie daktari kweli tangu swali la kwanza. Mwanamke akiona haya mbele ya mumewe, amwombe daktari amtoe mume nje. Jambo hilo halina aibu.

Mwingine aliuliza, na hili ndilo lililonitia huzuni: Ninavyo vichupa vitatu nilivyonunua kwa fedha ya chama. Naweza kuviuza, niwaeleze wanunuzi kwamba sina uhakika navyo, ili nirudishe fedha za watu? Jawabu: La. Aibu ya bidhaa ikielezwa, mauzo hujuzu katika nguo iliyotoboka na mbuzi kilema, kwa sababu mnunuzi anaijua aibu na mipaka yake. Hapa wewe mwenyewe hujui aibu iko wapi na inafika wapi, kwa hivyo huna unachokieleza. Fedha ya chama utailipa kidogo kidogo, na wenzako wakupe muda. Vichupa usivitupe chooni wala jalalani ambako watoto huokota. Vipeleke kwa mfamasia mwenye leseni, akupokelee na aipe Bodi habari.

Jumapili iliyofuata tuliweka sanduku mlangoni mwa darsa ya wanawake, bila ya kuuliza majina. Vilipatikana vichupa kumi na moja, pakiti nne za majani ya chai, na kalamu mbili za sindano. Mfamasia mmoja wa huku, si Muislamu lakini ni mtu wa haki, alikuja mwenyewe kuvichukua. Alivipanga juu ya meza kisha akatuita tutazame: vichupa vitano vilikuwa na majina matano mbalimbali, viwili vina Kiarabu, kimoja kina picha ya nanasi, na vyote vitano vina namba moja ya fungu.